Umbali Usiouliza Upande

Imeenea dhana miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu kwamba aliyechagua lugha ameiaga hisabati. Hesabu huachwa katika shule ya upili pamoja na sare na kengele ya alfajiri, na anayezikumbuka huzikumbuka kwa uchungu. Dhana hii ina udhaifu wake. Hisabati, kama lugha, ni mfumo wa ishara zenye maana, zenye kanuni za upatanisho na hata makosa ya kisarufi. Aghalabu anayeshindwa na hesabu huwa hakushindwa kukokotoa. Alishindwa na maana ya ishara iliyokuwa mbele yake. Mfano mwafaka ni thamani kamili ya nambari. Ni mada ndogo, hufundishwa kwa vipindi vichache na kusahauliwa upesi, ilhali imebeba swali ambalo kila mtu hulikabili sokoni, safarini na katika daftari la madeni: ni kiasi gani, bila kuuliza ni upande gani?

Ili kuielewa mada hii, hapana budi kuanzia kwenye sifuri. Mstari wa nambari huchorwa sifuri ikiwa katikati. Upande wa kulia hupangwa nambari chanya, yaani 1, 2, 3 na kuendelea. Upande wa kushoto hupangwa nambari hasi, yaani −1, −2, −3 na kuendelea. Kwa hivyo kila nambari isiyokuwa sifuri hubeba habari mbili kwa pamoja: umbali wake kutoka kwenye sifuri, na upande iliko. Hasi 7 husema: hatua saba, kushoto. Chanya 7 husema: hatua saba, kulia. Thamani kamili huichukua habari ya kwanza na kuiacha ya pili. Huandikwa kwa kuifungia nambari kati ya mistari miwili wima, hivi: |−7| = 7, na |7| = 7. Sifuri haijaenda popote, kwa hivyo |0| = 0. Wala hakuna thamani kamili iliyo hasi, maadamu hakuna umbali ulio hasi. Mtu aweza kutembea kuelekea magharibi apendavyo, lakini hawezi kutembea hatua zilizo chache kuliko kutotembea kabisa.

Nambari hasi zenyewe hazikupokelewa kwa urahisi duniani. Nchini Uchina, Liu Hui, aliyeandika ufafanuzi wa kitabu cha kale cha hisabati mnamo mwaka wa 263, alieleza jinsi vijiti vyekundu vilivyotumiwa kuwakilisha nambari chanya na vyeusi kuwakilisha nambari hasi. Nchini India, mwaka wa 628, Brahmagupta aliziita nambari chanya mali na nambari hasi madeni, akaweka kanuni za kuzijumlisha, kuzitoa na kuzizidisha. Mojawapo ya kanuni hizo ilisema kwamba deni likizidishwa kwa deni huzaa mali. Ulaya ilisita kwa muda mrefu. Hata mwaka wa 1758, Mwingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kilichotaka alama ya kutoa itumike pale tu nambari ndogo inapotolewa kutoka kwa kubwa. Mistari miwili wima ya thamani kamili ni ya juzi zaidi; Mjerumani Karl Weierstrass aliitumia mnamo mwaka wa 1841. Kwa hivyo mwanafunzi anayeyumba anapokutana na nambari hasi asijione mjinga. Anayumba mahali walipoyumba wasomi.

Katika Kiswahili, hata jina la dhana hii ni mjadala. Neno "halisi" lina mvuto wake, ila huashiria kwamba alama iliyoachwa ilikuwa ya uongo, na hasi 400 katika daftari la deni si uongo hata chembe. "Kamili" nalo lina kazi nyingine, kwa kuwa "nambari kamili" ni zile zisizo na sehemu. Limebaki "mutlaki", lenye asili ya Kiarabu. Waarabu huiita dhana hii al-qima al-mutlaqa. Neno la kwanza ndilo lililozaa "kima", kama katika kima cha chini cha mshahara. La pili lina maana ya kilichofunguliwa, kisichofungwa na sharti, na mzizi wake ndio huohuo uliozaa "talaka". Basi thamani mutlaki ni thamani iliyotalikiana na alama yake. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Kiingereza lina maana hiyohiyo ya kufungua. Katika kurasa hizi limetumiwa "kamili" kwa sababu ya usahili wake, lakini picha ya talaka inafaa kukumbukwa. Anayetalikiwa hafi. Huendelea kuishi, ila hatajwi tena pamoja na mwenzake.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu katika idara ya Kiswahili alirudi nyumbani wakati wa likizo, akamkuta dada yake mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, ameinamia daftari la hisabati bila kuandika. Katika ukurasa mmoja msichana huyo alikuwa amenakili kanuni iliyomwezesha kupata alama zote katika zoezi la kwanza: ukiona mistari miwili, ondoa alama ya kutoa. Katika ukurasa uliofuata palikuwa na kanuni nyingine. Ikiwa x ni chanya au sifuri, |x| = x. Ikiwa x ni hasi, |x| = −x.

"Kaka, hapa wamejipinga," alisema. "Jana tuliambiwa thamani kamili haiwezi kuwa hasi. Leo imeandikwa kwamba ni sawa na hasi x. Tena katika x hamna alama ya kutoa. Nitaondoa nini?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Kanuni ya kuondoa alama ni kanuni ya macho. Hufaa mradi alama inaonekana. Pindi nambari inapojificha nyuma ya herufi, macho hayana cha kuondoa, na anayetegemea macho pekee hukwama. Kaka yake hakukimbilia fomula nyingine. Alichukua kalamu akaandika sentensi moja ya Kiswahili pembezoni mwa ukurasa: Hakuna asiyejua.

"Wanaojua ni wangapi?" aliuliza.

"Wote."

"Lakini sentensi imekanusha mara mbili. Kuna ha- katika 'hakuna' na -si- katika 'asiyejua'."

Msichana alitazama sentensi kwa muda. "Ukanushi wa kwanza umeugeuza wa pili," alisema hatimaye. "Hawapo wale wasiojua. Basi wote wanajua."

"Vyema. Sasa chukulia kwamba x ni hasi 5. Ile alama iliyo mbele ya x usiisome 'hasi'. Isome 'kinyume cha'. Kinyume cha hasi 5 ni nini?"

Jibu lilikuwa 5, na fundo likafunguka. Alama ya kutoa iliyo mbele ya x haisemi kwamba jibu ni hasi. Inaamuru kwamba kilichomo ndani ya x kivushwe ng'ambo ya pili ya sifuri, kwa umbali uleule. Ikiwa kilichomo ni hasi, kitaangukia upande wa chanya. Kwa sababu hiyo, −x yaweza kuwa nambari chanya, na herufi tupu x yaweza kuficha nambari hasi. Alama ionekanayo na hali ya nambari yenyewe ni mambo mawili tofauti, kama vile mofimu na maana yake zisivyokuwa kitu kimoja.

Hata hivyo, msichana hakuridhika upesi. Alifikiri, kisha akaleta sentensi yake mwenyewe. "Mbona mtu akisema 'Sikuja wala sikutuma mtu' haigeuki kuwa alikuja? Humo pia mna ukanushi mara mbili."

Kaka yake alinyamaza kidogo, kwani mfano huo ungeweza kuubomoa mfano wake wote. Kisha tofauti ikajitokeza. Katika "hakuna asiyejua", ukanushi mmoja umepanda juu ya mwingine. Wa kwanza unamtawala wa pili na kuugeuza. Katika "sikuja wala sikutuma mtu", ukanushi umesimama bega kwa bega na mwenzake, wala hakuna unaomgeuza mwingine. Yote miwili inalimbikiza kutokuwapo. Hisabati ina miundo hiyo yote miwili. Ukanushi uliopandana ni −(−5), ambao huzaa 5. Ukanushi uliosimama sambamba ni −5 + (−3), ambao huzaa −8, kwani madeni mawili ya mtu mmoja hayafutani, huongezana. Wanafunzi wengi hukariri kwamba "hasi na hasi ni chanya", kisha huitumia kauli hiyo kila mahali, hata kwenye kujumlisha. Kosa hilo ni la sintaksia. Hawakutazama kama alama moja inaitawala nyingine au imekaa kando yake.

Baada ya hapo ndugu hao waliifungua atlasi ya msichana. Ikweta yenyewe ni sifuri iliyochorwa juu ya dunia. Ikiwa kaskazini itahesabiwa kuwa chanya na kusini kuwa hasi, Moyale iko karibu na latitudo 3.5 na Mombasa karibu na −4. Ni ipi kubwa kati ya nambari hizo? Ni 3.5, kwa kuwa kila nambari chanya huizidi kila nambari hasi. Lakini ni mji upi ulio mbali zaidi na ikweta? Ni Mombasa, kwa kuwa |−4| ni kubwa kuliko |3.5|. Maswali hayo mawili yana majibu mawili tofauti, na anayeyachanganya hukosea yote. Kuwa ndogo na kuwa karibu na sifuri si jambo moja. Hasi 1,000 ni ndogo kuliko hasi 1, ilhali iko mbali zaidi.

Ziwa Tanganyika lina funzo kubwa zaidi. Maji yake yamekaa takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni takriban mita 1,470. Kwa hivyo sakafu yake, mahali penye kina hicho, iko chini ya usawa wa bahari, kwenye hasi 697. Hapa usawa wa bahari ndio sifuri. Jambo la kushangaza ni kwamba uso wa ziwa uko mbali zaidi na sifuri hiyo kuliko sakafu yake, kwa kuwa 773 huizidi |−697|. Na je, umbali baina ya uso na sakafu ni upi? Anayeanzia juu hupata 773 − (−697), yaani 1,470. Anayeanzia chini hupata −697 − 773, yaani −1,470. Mistari miwili wima huwapatanisha: kina cha ziwa ni mita 1,470 kwa anayezama na kwa anayeibuka. Hapa ndipo thamani kamili inapotoka kwenye sifuri na kuwa umbali baina ya nambari zozote mbili. Kanuni yenyewe ni fupi: umbali kati ya a na b ni |a − b|, nao ni sawa na |b − a|. Safari ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa haifupiki kwa kubadilishwa mwelekeo.

Mama yao alikuwa kando akichambua maharagwe. Aliyasikiliza mazungumzo hayo bila kutia neno, mpaka aliposikia neno "deni". Hapo aliinuka, akaingia ndani na kurudi na daftari la chama chao cha wanawake. Chama hicho kilikuwa na wanachama watano. Kila mmoja alipaswa kuchanga shilingi 500 kwa mwezi, yaani shilingi 6,000 kwa mwaka. Mwaka ulipokwisha, mweka hazina alitangaza kwamba shilingi 30,000 zimetimia na kitabu kimelingana. Hata hivyo, wanachama wawili walikuwa hawasemezani, na minong'ono haikuisha.

"Kama kimelingana," mama aliuliza, "mbona watu wananuna?"

Mwanafunzi alizinakili nambari. Michango ilikuwa 6,400, 5,600, 6,250, 5,850 na 5,900. Jumla yake ilikuwa 30,000 kamili. Mweka hazina hakusema uongo. Kisha akaandika tofauti ya kila mchango na 6,000: 400, −400, 250, −150 na −100. Tofauti hizo zikijumlishwa pamoja na alama zake huwa sifuri. Ila zikijumlishwa thamani kamili zake, yaani 400, 400, 250, 150 na 100, hupatikana 1,300. Sifuri ya kwanza ilikuwa sahihi na iliyaficha mambo. Ziada ya mwanachama mmoja ilikuwa imeufunika upungufu wa mwingine, na kwa mtu anayetazama jumla pekee, wote watano walionekana kuwa wametimiza wajibu wao sawasawa.

Wanahisabati wana kanuni inayohusu jambo hili hasa. Thamani kamili ya jumla ya nambari mbili haiwezi kuzidi jumla ya thamani kamili zao: |a + b| huwa sawa na |a| + |b| au huwa pungufu yake. Huwa sawa pale nambari hizo zikiwa upande mmoja wa sifuri, au mojawapo ikiwa sifuri yenyewe. Zikiwa pande zinazopingana, hulana, na jumla hupungua. Anayetaka kuonyesha kwamba mambo ni shwari hujumlisha kwanza, kisha hutazama. Anayetaka kujua watu wameachana kwa kiasi gani hutazama kila mmoja kwanza, kisha hujumlisha. Mpangilio wa vitendo hivyo viwili hubadilisha habari inayopatikana. Ndivyo ilivyo pia kwa mizani ya sokoni inayompunja mkulima mmoja kilo 2 na kumzidishia mwingine kilo 2. Kwa wastani mizani hiyo haina kosa, lakini mkulima wa kwanza hali wastani.

"Basi shilingi 1,300 zimepotea?" mama aliuliza.

"La, Mama. Hakuna iliyopotea. Nusu ya hizo, 650, ni za waliozidisha. Nusu nyingine, 650, ni za waliopunguza. Shilingi 650 zikitoka kwa hawa na kuwafikia wale, kila mtu atakuwa amekaa kwenye sifuri yake."

Mama alikubali, kisha akaigusa safu ya thamani kamili kwa kidole. "Hii safu usiwapelekee peke yake," alisema. "Umeandika 400 na 400 kana kwamba ni watu walio sawa. Mmoja anadai, mwingine anadaiwa."

Kauli hiyo iliweka mpaka wa dhana nzima bila kutumia istilahi hata moja. Thamani kamili huonyesha ukubwa wa tofauti, na kwa hilo haina mshindani. Lakini haionyeshi nani atoe na nani apokee. Anayeitumia kupima vurugu anaitumia vyema. Anayeitumia kugawa haki pasipo kurudisha alama humweka mdai na mdaiwa katika mizani moja. Kiswahili kimeyahifadhi haya katika umbo la neno lenyewe. "Anadai" na "anadaiwa" zina mzizi mmoja, -dai-. Mnyambuliko wa kutendwa ndio unaougeuza upande. Mzizi pekee hueleza kwamba kuna dai. Viambishi ndivyo vinavyoeleza dai linaelekea kwa nani. Msomaji anayekata viambishi vyote ili aone mzizi amefanya uchanganuzi halali, mradi asisahau kwamba hakuna anayezungumza kwa mizizi mitupu.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hisabati hutaja kipimo cha dawa hiyo. Aliye kwenye hasi 400 hahitaji hasi 400 nyingine ili apone, wala hahitaji mtu wa kumfutia alama daftarini. Anahitaji kuongeza |−400|, yaani shilingi 400, ndipo afike kwenye sifuri. Kufuta alama kwa kalamu humfanya aonekane ana mali asiyokuwa nayo. Kulipa humfikisha mahali ambapo hana deni. Pana hatua 800 baina ya mtu aliye na shilingi 400 na mtu anayedaiwa shilingi 400, ingawa wote wawili wako umbali sawa kutoka kwenye sifuri.

Katika madarasa mengi ya Kenya, mada hii hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kiswahili huiona kuwa mali ya idara nyingine. Matokeo yake ni kwamba kijana anayeweza kueleza tofauti ya "hakuna asiyejua" na "sikuja wala sikutuma mtu" bila kusita hukwama mbele ya −(−5), wala haoni kwamba ameulizwa jambo la namna moja. Vivyo hivyo, aliye hodari wa kukokotoa hukosa maneno ya kumweleza mama yake kwa nini kitabu kilicholingana kimewagombanisha wanachama watano. Pengo hilo halitazibwa kwa kubuni istilahi pekee. Litazibwa na wanaoijua sarufi ya Kiswahili barabara na ambao wako tayari kuisoma sarufi ya nambari kwa uangalifu uleule, wakiuliza kila wapatapo ishara: hapa linatafutwa jibu la kiasi gani, au la upande gani? Daftari la chama, kama alivyosema yule mama, linahitaji majibu yote mawili.